Malengo Kwanza, Kamera Baadaye: Kupanga Picha za Familia Kwenye Bustani ya Burudani

Pitia simu ya mtu aliyerudi jana kutoka bustani ya burudani. Utakuta mamia ya picha: lango, umati, gurudumu kubwa la kuzungusha watu angani kwa mbali, mtoto na aiskrimu, gurudumu tena, kisogo cha mtu asiyemjua. Mwombe akuonyeshe ile anayoipenda zaidi. Ataanza kupeleka kidole juu na chini kwenye kioo, na mwisho atakuambia, “Subiri, ilikuwa hapa hapa.” Kamera haina kosa. Mahali pale pamejengwa makusudi ili kila kona ikuite, na anayeingia bila kujua anatafuta nini huitikia kila wito.

Mwongozo huu unahusu kazi ya kufanya kabla hujafika: kuamua unataka picha gani, na kwa hiyo zipi huzitaki. Kigezo changu ni kimoja. Lengo zuri hukuambia lini upige na lini kamera ikae mfukoni. “Nataka picha nzuri za familia” halikuambii lolote. “Nataka uso wa kila mtoto sekunde ile mchezo unapoanza kusogea” linakuambia usimame wapi, umtazame nani, na kwamba wakati wa chakula huna kazi isipokuwa kula.

Hatua ya 1: Waulize watakaosafiri

Wiki moja au mbili kabla ya safari, kaeni pamoja. Usiulize “mnataka picha gani?” maana utajibiwa “nzuri tu.” Uliza hivi: ni kitu gani ambacho tukikikosa siku hiyo utarudi umenuna? Mtoto wa miaka saba atataja mchezo mmoja aliouona kwenye video, tena kwa jina lake kamili. Bibi huenda akasema hapandi chochote, yeye anataka benchi lenye kivuli na wajukuu wamjie pale kumsimulia. Kijana wa miaka kumi na minne atasema hataki kupigwa picha. Hilo nalo ni jibu kamili. Mkabidhi kamera kwa saa moja. Anayekataa kukaa mbele ya lenzi mara nyingi hufurahi kukaa nyuma yake.

Andika majibu kwa maneno yao. Benchi la bibi tayari ni picha: watoto wanakuja mbio, yeye ametega sikio. Usingeiwaza ukiwa kwenye foleni jua likikuchoma utosi.

Hapohapo mkubaliane picha zipi zitakwenda mtandaoni na zipi zitabaki za familia. Watoto nao waulizwe. Mezani ni mazungumzo ya dakika tano; yakingoja mpaka picha zimeshasambaa, huwa ugomvi.

Hatua ya 2: Chagua malengo matatu, basi

Matatu yanatosha siku nzima. Yakifika saba hakuna atakayeyakumbuka, na utaanza kutembea umeshika orodha badala ya mkono wa mtoto. Napendelea moja liwe la watu, moja la ufundi, na moja la mchezo.

La watu ndilo la kufikiria sana. Pendekezo langu: kila mwanafamilia awe na picha moja ambayo ndani yake hatazami kamera, na ndani ya “kila mwanafamilia” awemo anayepiga. Albamu nyingi za safari zina pengo lenye umbo la mama au baba, yule aliyeshika simu tangu asubuhi. Ukiandika jina lake kwenye lengo, kuna mtu atakumbuka kuichukua hiyo simu mkononi mwake. Lengo jingine zuri ni jozi zisizo za kawaida: mjomba na mtoto mdogo kuliko wote, dada wawili ambao nyumbani hawakai chumba kimoja dakika kumi bila kelele.

La ufundi liwe kitu ambacho bado hukiwezi. Labda ni kumfuata kwa kamera mtoto aliyepanda farasi wa kuzunguka, wale farasi wa bandia kwenye jukwaa la duara, mpaka mandhari ya nyuma iwe mistari ya rangi, au kuchora duara za mwanga kwa gurudumu kubwa usiku, au kupiga vivuli vyeusi vya watu mbele ya anga la jioni. Moja tu. Ukitaka kujifunza yote siku hiyo hiyo, utarudi umeonja kila kimoja na hujashiba hata kimoja.

La mchezo liwe jepesi, la kushirikisha watoto. Rangi moja siku nzima: kila kitu chekundu. Au mikono tu: mkono umeng'ang'ania chuma, mkono unanata sukari, mkono wa mdogo ndani ya mkono wa babu. Au herufi za jina la mtoto zitafutwe kwenye nguzo, reli na vivuli; herufi A ipo kwenye miguu ya karibu kila gurudumu kubwa. Mtoto mwenye kazi ya kutafuta herufi O husubiri foleni kwa amani kuliko mwenziwe.

Picha nyingine utapiga tu, hakuna anayekukataza. Tofauti ni kwamba hizi tatu unazifuata, zile nyingine zinakukuta njiani.

Hatua ya 3: Isome bustani kabla hujafika

Fungua ramani ya bustani na utafute kaskazini iko wapi. Watu huruka hapa, kumbe ndipo picha ya jengo kuu inapofanikiwa au kuharibika. Chukua Disneyland ya Anaheim, Marekani, iliyofunguliwa 1955. Unaingia kutoka kusini na kasri liko mbele yako, likielekea kusini. Kwa hiyo asubuhi jua linatoka mkono wako wa kulia, jioni linashuka kushoto, na katikati ya siku liko nyuma yako, linaangaza uso wa kasri lote. Jengo linalotazama mashariki habari yake ni tofauti: asubuhi linang'aa, jioni linakuwa kivuli cheusi, ambacho huenda ndicho unachokitafuta. Programu za kuonyesha njia ya jua zipo nyingi kwenye simu, lakini ramani na akili vinatosha.

Kuna bustani ambazo uzuri wake ni wa usiku. Tivoli ya Copenhagen, Denmark, iliyopo tangu 1843, inajulikana kwa taa zake; familia ikiingia mapema na kuondoka kabla ya giza imeiona nusu. Mahali kama hapo panga kupumzika mchana ili watoto wawe na nguvu jioni. Gurudumu kongwe la Vienna, Austria, lililojengwa 1897 na lenye urefu wa karibu mita 65, lina vibanda vilivyofungwa. Picha ya juu kutoka humo utaipiga kupitia kioo, hivyo vaa nguo za rangi ya giza na uisogeze lenzi mpaka ikaribie kugusa kioo, la sivyo utajipiga mwenyewe ukiakisiwa.

Soma pia masharti. Bustani za Disney zilipiga marufuku fimbo za selfi mwaka 2015, droni haziruhusiwi, na tripodi kubwa huzuiwa mlangoni. Bustani nyingine zina masharti ya namna hiyo. Kwenye rolakosta nyingi (behewa za kasi za kupanda na kushuka relini) simu na kamera hukaa kwenye kabati au kwa mtu aliyebaki chini. Hilo si la kujadiliana na mhudumu, maana kitu kilichodondoka kwa kasi ile kinaweza kumuumiza mtu. Lengo lolote linalotegemea kifaa kilichokatazwa lifute ukiwa bado nyumbani.

Mwisho, nakili saa za gwaride, maonyesho na fataki. Hayo ndiyo mambo ambayo hayatakungoja.

Hatua ya 4: Yapange malengo kulingana na mwanga

Saa ya kwanza baada ya lango kufunguliwa ina vitu viwili ambavyo havirudi: nafasi tupu na watoto wasiochoka. Picha ya familia nzima pamoja ipigwe hapo. Ukiiahirisha mpaka jioni, mmoja atakuwa amelala begani na mwingine amelowa.

Kuanzia saa tano hadi saa tisa jua liko utosini na kila mwenye kofia ana macho yaliyozama kwenye kivuli. Usishindane nalo. Ingia chini ya paa, kwenye foleni yenye kivuli, ambako mwanga laini unaingia kutoka pembeni na nyuso zinapendeza bila juhudi. Ni wakati wa lengo lako la mchezo pia, kwa kuwa mikono na rangi nyekundu havijali jua limesimama wapi. Na ni wakati wa kula na kukaa.

Saa moja kabla ya jua kuzama, toka nje. Mwanga unakuwa wa dhahabu, vivuli vinarefuka, na mtoto akisimama huku jua liko nyuma yake nywele zake zinazungukwa na ukingo wa mwanga. Kisha jua likishazama unakuja muda mfupi ambapo anga ni buluu iliyokolea na taa za bustani zimeshawaka. Huo ndio muda wa gurudumu kubwa. Karibu na ikweta hupita ndani ya dakika ishirini na ushei, na Ulaya ya kaskazini wakati wa kiangazi huchukua muda mrefu zaidi. Ufike mahali pako kabla, usiwe bado unauliza njia.

Hatua ya 5: Fanya mazoezi nyumbani

Lengo la ufundi lisijaribiwe mara ya kwanza siku ya safari. Nitaeleza la farasi wa kuzunguka kwa kirefu, kwa sababu ndilo linalowashinda wengi na ndilo linalolipa zaidi.

Tafuta mtoto na baiskeli. Mwambie apite mbele yako kutoka kushoto kwenda kulia, aende na kurudi. Weka kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) iwe 1/30 ya sekunde, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iwe ya chini kabisa. Panda miguu yako chini, elekeza vidole vya miguu pale utakapobonyeza, kisha zungusha kiuno kumfuata tangu anapotokea. Kazia jicho lake moja ndani ya fremu. Bonyeza taratibu akiwa mbele yako, na uendelee kuzunguka hata baada ya kubonyeza. Wanaoacha kuzunguka hapo ndio wanaopata picha iliyotikisika yote. Picha nyingi zitaharibika. Unatafuta ile moja ambayo uso umetulia na nyuma yake dunia imekuwa mistari.

Kwenye jua kali 1/30 huingiza mwanga mwingi kupita kiasi na picha inaungua. Suluhisho ni kivuli, au jioni, au kupandisha kasi hadi 1/60 na kubana tundu la lenzi hadi f/22 (namba ya f ikikua, tundu linakuwa dogo).

Ipo njia rahisi zaidi ambayo wengi hawaifikirii: panda farasi wa jirani. Wewe na mtoto mnazunguka pamoja kwa kasi moja, kwa hiyo yeye ametulia mbele ya lenzi na kinachokimbia ni bustani. Kasi ya 1/15 au 1/30 inatosha, na huna haja ya kuzungusha kiuno. Angalia tu farasi wenu wote wawili wawe ni wa kusimama, si wa kupanda na kushuka, vinginevyo huenda yeye akawa juu na wewe uko chini.

Kama una simu tu, tafuta programu inayokuruhusu kuchagua kasi ya shata. Kwenye iPhone kuna njia nyingine: piga ukiwa umewasha Live Photo (picha inayonasa na sekunde chache za mwendo), kisha kwenye picha chagua athari ya mwanga mrefu (Long Exposure).

Mengine kwa ufupi. Kugandisha matone ya chemchemi au watu wanaoporomoka kwenye maji, 1/1000 au zaidi. Duara za mwanga za gurudumu kubwa, sekunde moja hadi nne, kamera imeegemezwa ukutani au juu ya mkoba, na kipima muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise. Vivuli vyeusi mbele ya anga la jioni, gusa sehemu yenye mwanga kwenye kioo cha simu, shikilia mpaka simu ifunge kipimo cha mwanga, kisha punguza mwangaza.

Fataki: ISO 100, f/8 hadi f/11, sekunde mbili hadi nne, fokasi (umbali ambao lenzi inaona vizuri) iwe ya mkono na ifungwe mbali. Simama upande ambao upepo unatokea, moshi uende kwa wengine, na upige dakika za mwanzo kabla anga halijachafuka. Lakini nikuambie ukweli, fataki zako zitafanana na za kila mtu aliyekuwepo. Geuka. Nyuma yako kuna mtoto amebebwa mabegani, mdomo wazi, uso umewaka kijani kisha mwekundu. Hiyo hakuna mwingine atakayekuwa nayo. Lenzi ya f/1.8, ISO 3200, 1/100, na flashi izimwe kabisa, maana flashi itafuta zile rangi zote usoni.

Hatua ya 6: Vifaa vichache

Simu nzuri inatosha. Ukibeba kamera, beba na lenzi moja. Bustani ya burudani si mahali pa kubadilisha lenzi. Chukua kitambaa kidogo cha kufutia, kwa sababu mafuta ya kujikinga na jua yakigusa lenzi hufanya kila picha ionekane kama imepigwa ndani ya ukungu. Mfuko wa plastiki unaofungika kwa michezo ya maji. Ukitoka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi na kuingia kwenye joto lenye unyevu, lenzi itatoa jasho. Iache ndani ya mkoba kwa dakika kadhaa izoee kabla ya kuitoa.

Pawabenki ya mAh 10,000 huchaji simu ya kawaida mara moja na nusu hadi mbili hivi. Kama mnakwenda kwa ndege, iwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la mizigo. Ya mAh 20,000 ni kama Wh (wati-saa) 74, na kikomo cha kawaida bila kuomba kibali ni Wh 100.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Anza na kijiti cha kupimia urefu. Michezo mingi ya kasi ina mstari kwenye sentimita 102 au 122, na mlangoni kuna kipimo na mhudumu. Mtoto aliyekosa sentimita mbili mwaka uliopita hufika pale amenyoosha shingo, kidevu juu, visigino vikiinuka kidogo kidogo huku akimwangalia mhudumu kwa pembe ya jicho. Chuchumaa. Lenzi iwe usawa wa macho yake, upande ambao mstari unaonekana pamoja na visigino. Usimwite, usimwambie acheke. Jibu la mhudumu likitoka, liwe ndiyo au hapana, bonyeza mfululizo, kisha ushushe kamera. Kama ni hapana, atahitaji mzazi na si mpiga picha.

Kwenye michezo mikubwa gawaneni: nusu inapanda, nusu inabaki chini na vifaa, halafu mnabadilishana. Mzunguko wa kwanza, aliyebaki chini aangalie tu: nyuso zinageukia wapi, behewa linapunguza mwendo wapi. Tafuta pia kamera ya bustani yenyewe ilipofungwa kwenye reli. Waliifunga pale kwa sababu wanajua ndipo watu wanapopiga kelele. Mzunguko wa pili, simama mahali panapoona sehemu hiyo hiyo.

Sheria inayofanya kazi kwa familia zenye watoto wadogo ni mchezo mmoja na kamera, unaofuata bila. Haina mjadala, hata watoto wanaweza kukusimamia, na watakusimamia kwa furaha. Lengo lako la ufundi likishapatikana saa nne asubuhi, limekwisha. Usianze kutafuta jingine.

Katikati ya siku mpe mtoto kamera kwa nusu saa bila maelekezo. Atapiga magoti, mikia ya mbwa wa vibonzo na tumbo la babu, na katikati yake kutakuwa na picha ambayo mtu mzima hawezi kuipiga kwa sababu hayupo kwenye urefu ule. Watoto wa watu wengine wakiingia kwenye fremu wakiwa ndio kiini cha picha, waulize wazazi wao au ufute. Wahudumu waliovaa kama wahusika wana zamu na foleni; piga haraka, shukuru, pisha.

Hatua ya 8: Usiku huo na wiki ile

Kabla ya kulala, weka alama ya moyo kwenye picha kumi, mkiwa wote mmezunguka simu moja. Usifute kitu bado, macho yamechoka. Watoto watachagua zile ambazo hukuzitegemea, na ni vizuri uone chaguo lao kabla hujaanza kusahihisha rangi.

Ndani ya wiki hiyo, rudi kwenye yale majibu mliyoandika mezani na uweke picha moja mbele ya kila jibu. Benchi la bibi, yupo. Kijana asiyetaka kupigwa, zipo alizopiga yeye. Palipo na pengo, liandike liwe lengo la safari ijayo. Chapisha chache kwenye karatasi. Zilizobaki nakili sehemu mbili tofauti, diski ya nje na hifadhi ya mtandaoni, fungua mbili tatu kila upande uhakikishe zinafunguka, ndipo usafishe kadi ya kamera.